Mkubwa Hushika Upanga: Niliyojifunza Fukuoka kwa Fimbo na kwa Mikono Mitupu

Katika mapokeo ya Kijapani ya ufundi wa fimbo yaitwayo Shinto Muso-ryu, ambayo yamelelewa kwa takriban miaka 400 katika mji wa Fukuoka na viunga vyake, kisiwani Kyushu, mazoezi hufanywa na watu wawili: mmoja ameshika upanga wa mti, mwingine ameshika fimbo ya mwaloni. Upanga hushambulia, fimbo hujibu, na kila mfululizo unapofika mwisho mwenye upanga huwa amezuiwa, au silaha yake imeporomoshwa, au amewekewa ncha ya fimbo kwenye chembe cha moyo. Jambo linalomshangaza mgeni ni kwamba huyo anayeshika upanga, yaani anayeshindwa, ndiye mkubwa wa wawili hao. Ndiye aliyefunzwa kwa miaka mingi zaidi, na mara nyingi ndiye mwalimu mwenyewe. Utaratibu huu nimeutafakari kuliko jambo jingine lolote nililojifunza Japani, kwa sababu ulibadilisha mazoezi yangu ya mikono mitupu, ambayo ndiyo niliyoyaanza kwanza na ndiyo ninayoyaendeleza hadi leo.

Nilifika Fukuoka kwa masomo nikiwa tayari mcheza judo. Nilikuwa nimeianza Nairobi nilipokuwa chuoni, na judo niliyoijua ilikuwa ile ya mashindano, ambayo huanza pale mikono inapokamata ukosi na mkono wa vazi la mpinzani. Kila kinachotangulia, ikiwemo hatua ya kumfikia mtu, huchukuliwa kuwa utangulizi tu. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, aliyeasisi shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, hakuikusudia judo iishie hapo. Alikuwa amesomea jujutsu, ufundi wa kale wa kupambana kwa mikono mitupu, katika shule mbili za zamani, Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu, akateua humo mbinu ambazo watu wangeweza kuzifanya kwa nguvu zote bila kuumizana vibaya. Hata hivyo, mapigo na silaha hakuviacha: alivihifadhi katika kata, yaani mifululizo ya watu wawili iliyopangwa hatua kwa hatua, na miaka mingi baadaye aliwaalika mabingwa wa mapokeo ya kale ya upanga na fimbo, wa Shinto Muso-ryu wakiwa miongoni mwao, waje kuwafundisha wanafunzi wake. Kwa hiyo mzee mmoja wa klabu yetu ya judo aliponiambia kwamba jioni nyingine alikuwa akifundisha fimbo katika ukumbi wa mtaa, na kwamba ningekaribishwa kutazama, hakuwa akiniita nje ya judo. Alikuwa akinionyesha ubavu wake ambao mashindano yameufunika. Nilikwenda kutazama, nikaendelea kwenda hadi masomo yangu yalipokwisha.

Mwalimu huyo alipenda kusimulia habari za mwanzilishi wa mapokeo hayo, Muso Gonnosuke, na siku moja alituongoza kuupanda Mlima Homan, karibu na mji wa Dazaifu, ili atusimulie mahali penyewe. Inasimuliwa kwamba Gonnosuke alikuwa bingwa wa gongo refu mwanzoni mwa karne ya 17, akapambana na bingwa mashuhuri wa upanga, Miyamoto Musashi, ambaye alilinasa gongo lake kati ya panga mbili zilizopishanishwa na kumwacha hana la kufanya. Baada ya kushindwa alizunguka nchi akitafuta jawabu, akafika Homan, akasali katika hekalu la Kamado kwa siku 37, na ndotoni akapewa maneno mafupi yaliyomwambia kwamba kwa gogo la mviringo aijue suigetsu, ambayo ni pale pale kwenye chembe cha moyo. Kutokana na hayo akachonga fimbo iliyo fupi kuliko gongo lake la awali na ndefu kuliko upanga, na ukoo wa Kuroda, uliotawala Fukuoka zama hizo, ukamchukua awafundishe watu wake.

Ukiiweka ndoto kando, vipimo vyenyewe vinajieleza. Fimbo hiyo, ambayo huitwa jo, ina urefu wa sentimita 128 na unene wa sentimita 2.4, ilhali upanga wa mti wa mazoezi una urefu wa sentimita 102 hivi. Tofauti hiyo ndogo humpa mwenye fimbo nafasi ya kufika pale ambapo upanga bado haujafika. Upanga una makali upande mmoja na mpini upande mwingine, lakini jo haina mbele wala nyuma: mikono huteleza juu yake, ncha iliyokuwa nyuma ikawa mbele, na pigo likatoka kulia au kushoto bila kumwarifu mtu kabla. Gongo refu linahitaji nafasi pana ili lizunguke, ilhali jo huzungukia karibu na mwili, na huko ndiko ufundi wake ulipo.

Kabla ya kukutanishwa na upanga, mwanafunzi hufanya mbinu 12 za msingi akiwa peke yake, kulia na kushoto kwa usawa, kisha huzirudia akiwa na mwenzake. Kati ya hizo, iliyonifundisha zaidi ni hikiotoshi uchi, ambayo fimbo hushuka ikiambaa ubavu wa upanga ulioelekezwa kwako na kuuporomosha chini na kando, hata mwenye upanga ajikute mbele hapana kitu. Mtu mwenye mabega yaliyokomazwa na judo hudhani kwamba hiyo ni kazi ya mabega, na akifanya hivyo upanga hutikisika tu na kurudi mahali pake. Pigo hufaulu nyonga zinapogeuka zote pamoja, kisigino cha nyuma kikiwa kimekaza na mikono ikifuata tu. Mama mmoja mfupi wa kimo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliuporomosha upanga wangu kila alipotaka, na sikuwahi kuona msuli wowote wa shingo yake ukikakamaa. Pigo la kukata huendana na sauti ya "Ei", na pigo la kuchoma huendana na "Hoo", na sauti hizo si mapambo: mtu asiyetoa pumzi wakati wa pigo huonekana mara moja, kwa sababu mwili wake hukatika vipande viwili, juu ukienda na chini ukibaki.

Somo lililoingia mwilini mwangu kabla ya mengine yote ni la umbali. Katika judo, mita mbili kati yangu na mpinzani ni nafasi ya kupumua na kupanga. Mbele ya upanga, mita mbili ni mahali ambapo hatua moja ya mwenzako inatosha kuufikisha upanga kwenye paji la uso wako. Kwa hiyo mazoezi huanza watu wakiwa mbali sana, wakakaribiana kwa hatua zilizopimwa, na kila hatua inayopunguza umbali huo hubadilisha kinachowezekana na kisichowezekana. Kuna mstari usioonekana ambao mwenye upanga akiuvuka lazima uwe umekwisha kuamua, lakini usiwe umekwisha kuhama. Hapo pana ugumu ambao sijaukuta katika mchezo mwingine wowote. Ukihama mapema, upanga huona unakokwenda na kukufuata huko huko. Ukihama ukiwa umechelewa, umekwisha kupigwa. Unapaswa kuhama pale ambapo mwenzako amekwisha kujitoa mzima ndani ya pigo lake na hawezi tena kulirudisha, na muda huo ni mfupi sana kiasi kwamba macho pekee hayauwahi. Unautambua kwa kuutazama mwili mzima wa mtu badala ya kuutazama upanga: mabega yake, pumzi yake, uzito unavyohama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele.

Wapo wanaosema kwamba kata ni ngoma tu, kwa kuwa mwisho wake unajulikana. Nimewasikia wacheza judo wenzangu wakisema hivyo, na hoja yao inastahili jibu la uzito. Huko Lamu nimetazama kirumbizi wakati wa Maulidi, wanaume wawili wakiingia uwanjani na fimbo huku ngoma na zumari vikilia, kila mmoja akitafuta nafasi ya kumgusa mwenziwe, wala hakuna ajuaye nani atatoka amesifiwa. Utamu wa mchezo ule umo katika kutojua. Kata ya jo iko kinyume chake kabisa: anayeshinda anajulikana tangu kabla watu hawajainamiana. Lakini kujua mwisho hakuondoi hatari iliyomo katikati. Mwenye upanga hakati pembeni mwako ili akuhurumie, wala hapunguzi mwendo mahali ambapo wewe ni mzito. Hukata katikati ya paji la uso wako, kwa umbali sahihi, na ikiwa miguu yako haijakutoa hapo, utapigwa, au utaokolewa na uwezo wake wa kuuzuia upanga karibu na ngozi yako. Kujua kwamba pigo linakuja, na linakuja wapi, hakukufanyi usiliogope. Kunakuondolea kisingizio tu.

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini mkubwa hupewa upanga. Shambulio la uongo hufundisha jibu la uongo. Mtu akikata mahali ambapo haupo, mwili wako hujifunza kwamba kusogea kidogo kunatosha. Akisita kabla ya pigo, mwili wako hujifunza kungoja kusita ambako adui wa kweli hatakupa. Anayeshambulia ndiye anayeamua mwenzake atajifunza nini, na kazi hiyo haiwezi kupewa mtu ambaye bado anatafuta mahali pa kuweka miguu yake. Yule mwalimu mstaafu niliyemtaja alikuwa na kipaji cha pekee katika hili. Mbele yangu, niliyekuwa mdogo wake kwa miaka mingi ya mazoezi, alikata kwa kasi iliyozidi kidogo uwezo wangu, si kwa wingi wa kunivunja moyo wala kwa uchache wa kunilaza usingizi. Nilipozoea, aliongeza. Siku niliyokuja nimechoka, alitambua kwa namna nilivyoinama tu, akapunguza bila kusema lolote, lakini ncha ya upanga wake haikuhama kwenye mstari wa paji langu la uso hata kidogo. Kasi aliirekebisha, na ukweli wa pigo aliuacha palepale.

Baada ya muda nami nilipewa upanga mbele ya wanafunzi waliokuja nyuma yangu, na hapo nikagundua kwamba upande wa kushindwa ndio mgumu zaidi. Ni lazima ushambulie kwa nia kamili huku ukijua utakachofanyiwa, na usianze kujilinda kabla hujafanyiwa. Mwenye tabia ya kupenda kushinda, na judo ya mashindano hukuza tabia hiyo kwa makusudi, hujikuta anataka kuukaza upanga ili fimbo ya mdogo wake ishindwe kuuporomosha, au anataka kumkwepa kwa ujanja ambao kata haikuuweka. Vyote viwili humwibia mwanafunzi. Lakini kujilegeza ili aonekane ameweza ni wizi vilevile, kwa sababu anaondoka akiamini ana kitu ambacho hana. Unapaswa kuushika upanga kama mtu anayeuhitaji: ukipigwa sawasawa uporomoke, na ukipigwa vibaya ubaki mahali pake, ili mwanafunzi aone mwenyewe tofauti bila kuhitaji maneno yako. Hata ukiwa umeshindwa, ukirudi nyuma huku ncha ya fimbo ikikutazama machoni, mwili wako unapaswa kubaki hai na wenye hatari, ili naye asizoee kuamini kwamba mambo yamekwisha kwa kuwa pigo limefika.

Hilo la mwisho huenda na zanshin, ule uangalifu unaoendelea baada ya pigo. Katika mashindano ya judo, mwamuzi akiinua mkono, watu huachiana na kugeuza migongo. Katika jo, baada ya pigo la mwisho fimbo hubaki imeelekezwa kwa mwenzako mpaka amerudi nyuma kwenye umbali ambao hatua moja haifikishi tena, ndipo unapoishusha, nawe bado unamtazama. Mwalimu alisimamisha mazoezi ya watu wazima, wenye vyeo vyao kazini, kwa sababu tu wameshusha macho mapema.

Uangalifu huo huo ulikwenda hadi kwenye silaha zenyewe. Kila mara kabla ya kuanza tulipitisha kiganja polepole juu ya mti mzima kutafuta vibanzi na nyufa, tukasugua kwa msasa palipokwaruzika, na mara kwa mara tukaupaka mafuta. Upanga wenye ufa hauingii mazoezini hata kama ufa ni mwembamba kama uzi, kwa kuwa ukipigwa kwa hikiotoshi unaweza kukatika na ncha yake kuruka hadi kwenye jicho la mtu aliyeketi pembeni.

Niliporudi kwenye mkeka wa judo jioni zilizofuata, mabadiliko yaliyotokea hayakuwa katika mirusho. Yalitokea kabla ya kushikana. Nilianza kuuona mstari ule usioonekana mbele ya kila mpinzani, na kutambua ni lini anauvuka akiwa amejiandaa na ni lini anauvuka kwa mazoea tu, mkono wake ukitangulia na nyonga zikiwa nyuma. Anayefika hivyo amekwisha kupoteza mizani yake kabla hujamgusa, na kazi ya kumyumbisha, ambayo wana judo huihangaikia kwa kuvuta na kusukuma, huwa nusu yake imefanyika. Pia nilianza kuitazama kwa macho mengine kazi ya yule anayerushwa. Katika klabu nyingi anayerushwa huhesabiwa kuwa gunia la mazoezi, na hupewa kazi hiyo mgeni au mdogo. Nikaanza kujitolea nirushwe na wachanga, nikiwajia kwa nguvu ya kweli na kwa mwelekeo wa kweli, na wengine miongoni mwao waliendelea haraka kuliko walipokuwa wakirushana wao kwa wao.

Kuhusu kisu nina msimamo mkali, nao umetokana na fimbo. Kano aliacha kata iitwayo Kime no Kata, yenye mbinu 20, 8 za watu waliopiga magoti na 12 za waliosimama, na ndani yake mna mashambulio ya ngumi na teke, ya kisu, na ya upanga. Mtu anayeifanya bila kuwahi kushika upanga huuona kisu cha mti kama alama tu ya kisu. Aliyekwisha kusimama mbele ya mkubwa anayekata kwa nia huifanya kwa namna tofauti: anajua kwamba mikono mitupu mbele ya ubapa mkali ni tumaini la mwisho, anajua kwamba hatua ya kutoka kwenye mstari hutangulia mkono wa kukamata, na anajua kwamba mwenye kisu halazimiki kuuacha mkono wake hewani baada ya pigo moja ili ashikwe. Miji yetu ya Afrika Mashariki ina mafunzo mengi ya kujihami ambayo huwaahidi watu kwamba baada ya siku chache wataweza kumnyang'anya mwizi kisu. Mafunzo ya namna hiyo hunisikitisha sana, kwa sababu shambulio linalotumiwa humo ni mkono ulionyooshwa na kuachwa umesimama, na mwanafunzi huondoka na ujasiri ambao siku ya hatari unaweza kumgharimu maisha. Kama mtu ana njia ya kukimbia, akimbie. Mwalimu wangu wa fimbo, ambaye ameshika silaha tangu utotoni, alisema hivyo hivyo kila alipoulizwa.

Fukuoka kuna pia kijisehemu cha urithi huu kiitwacho Uchida-ryu tanjo, kilichotungwa na Uchida Ryogoro katika zama za Meiji. Kwa amri ya mwaka 1876 serikali ilikuwa imewapiga marufuku watu kutembea na panga, na waungwana wa mijini wakawa wanabeba bakora fupi za kizungu. Uchida akachukua ujuzi wa jo na upanga na kuutia katika bakora hiyo ya sentimita 90 hivi. Mimi binafsi naipenda sana sehemu hii, kwa kuwa inaonyesha jinsi wenye mapokeo walivyoutazama ujuzi wao: kitu kilicho mkononi mwa watu kilibadilika, nao wakauliza umbali wake ni upi, ncha yake inafika wapi, na mwili usimame vipi nyuma yake.

Sasa niko Mombasa, na fimbo yangu ya mwaloni imezoea joto na unyevu wa pwani baada ya kujipinda kidogo msimu wa kwanza. Mbinu 12 za msingi naweza kuzifanya peke yangu, na huzifanya alfajiri kabla ya kazi. Kata siwezi, kwa kuwa kata bila mkubwa mwenye upanga hupoteza kile kilichoifanya iwe na maana, na sijajipa ruhusa ya kuwafundisha watu mapokeo ambayo walimu wake bado wapo na hawajanipa cheti cha kuyafundisha. Ninachofanya na vijana wa klabu yetu ya judo ni Kime no Kata, ambayo ni mali ya judo na iko wazi kwa kila mwana judo. Tumechongesha visu na panga za mti kwa fundi seremala wa mtaani, tunazikagua kwa kiganja kabla ya kuanza, na anayeshika silaha ni mimi au mmoja wa wakubwa wenzangu, mpaka hapo kijana atakapoweza kukata katikati ya paji la uso wa mwenzake na kuuzuia upanga mahali anapotaka yeye.